Mstari nilioruka

Jumapili ya kwanza ya Avent (Majilio) mwaka 2002, nikiwa na miaka 15, nilisimama mbele ya waamini kusoma somo la kwanza nikaruka mstari. Si kwamba macho yaliteleza. Niliuona unakuja, nikauruka kama mtu anavyoruka mtaro.

Kanisa letu siku hizo lilikuwa la muda: nguzo za mikaratusi, kuta za mbao, shitingi, yaani turubai la plastiki, juu. Lile la matofali lilibaki chini ya lava, kama Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kama nyumba yetu. Kwa asiyejua: tarehe 17 Januari ya mwaka huo, siku ya Alhamisi, mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Lava ikashuka, ikala kipande cha uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, hadi ikaingia ziwani Kivu. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka kule Rwanda, na magodoro kichwani. Tuliporudi baada ya siku chache jiwe lilikuwa bado lina joto, sandali zangu za plastiki zikawa zinanata.

Koko (kwetu ndivyo tunavyomwita bibi) alikipata kiwanja chake kwa kuhesabu hatua. Aliweka mgongo kwenye kona ya ukuta wa jirani uliopona, akatembea hatua 22 kuelekea ziwani, akagonga jiwe kwa kisigino. "Jiko lilikuwa hapa," akasema. Hakulia. Aliyelia ni mimi, maana chini ya kile kisigino kulikuwa na madaftari yangu yote.

Halafu tukaanza kungojea. Sijui sehemu nyingine, lakini Goma neno hilo lina kazi nyingi: tunangojea lori, tunangojea mshahara, tunangojea vita iishe. Radio Okapi, iliyoanza Februari ya mwaka huohuo, kila siku ilitupa habari za mazungumzo ya Pretoria ya kumaliza vita vya Kongo, na wazee wakasikiliza huku wakitikisa kichwa. Koko yeye alingojea mabati. Shirika moja la misaada lilikuwa limeandika majina ya watu waliopoteza nyumba, na jina lake lilikuwamo, nililiona kwa macho yangu. Kila Jumatatu alivaa kitenge chake kizuri akaenda kuuliza. Kila Jumatatu alirudi. Mwezi wa nane wakamwambia liste (orodha) imefungwa. Yaani hivyo tu, imefungwa, kama duka.

Basi ndiyo maana Avent ya mwaka ule ilinikuta na kinyongo. Katekista alipotueleza kwamba ni majuma manne ya kumngojea Bwana, nilijisemea moyoni: hata huku nako, liste.

Koko hakujua kusoma, lakini alitaka mjukuu wake asome vizuri. Juma zima, jioni baada ya kula sombe (kisamvu), alinikalisha kando ya taa ya mafuta nisome kwa sauti. Somo lilikuwa la nabii Isaya, pale watu wanapomlilia Mungu apasue mbingu ashuke, "milima itetemeke mbele zako". Mara ya kwanza kulisoma nilinyanyua macho. Koko alikuwa anachambua maharagwe, hata hakusita. "Endelea," akasema. Nikaendelea. Kufikia Jumamosi yeye alilijua lote kwa kichwa, mimi bado nilikuwa nachungulia karatasi.

Sasa fikiria watu wale. Watu ambao kabla ya kulala mtu hutoka nje kwanza autazame mlima, ndipo aingie kitandani. Watoto wanaoruka gari zito likipita wakidhani ardhi imeanza tena. Nisimame mbele yao nimwombe Mungu aitetemeshe milima? Niliwaona kwenye mabenchi, niliona shitingi inapigwapigwa na upepo wa ziwa, nikafika kwenye mstari, nikauvuka. Nikamalizia na maneno ya mwisho, kwamba sisi ni udongo na yeye ni mfinyanzi, nikarudi kukaa. Padri hakusema kitu. Pengine hakuona. Alisoma Injili ya Marko, ile ya kesheni kwa maana hamjui saa, akahubiri juu ya kukesha. Kwa watu wa Goma, juu ya kukesha!

Koko alinyamaza mpaka tulipotoka na kuanza kupanda njia iliyokatwa juu ya lava.

"Umeruka."

"Nini, Koko?"

"Milima. Umeiacha wapi?"

Nikamwambia ukweli. "Sisi tulisha kuona mulima inatetemeka, Koko. Mutu anaomba hiyo mara ya pili?"

Akacheka. Kicheko kile kilinikasirisha kuliko kofi.

"Ile siku kulishuka lava tu," akasema. "Yeye bado. Sasa nisimuite juu ya kuogopa mulima?"

Sikukubali. Nilitaka kumuuliza kama na mabati nayo ni "bado", lakini kwetu mtoto haongei hivyo na koko wake, nikameza. Hadi leo sijui kama lile lilikuwa jibu. Ninachojua ni kwamba alisema "bado" kama mtu anayemzungumzia mgeni aliyekwisha kutoka nyumbani kwake na yuko njiani.

Hatukwenda nyumbani kwa shangazi tulikokuwa tumehifadhiwa. Alinipeleka kiwanjani, na kitenge chake cha misa hivyohivyo. Pale alikuwa amezungusha mawe, duara dogo lisilozidi kitanda, na pembeni kuna mfuko wa udongo ambao kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alimletea kutoka barabara ya Rutshuru. Aliununua. Hebu wazia, mtu ananunua udongo. Lakini Goma yetu ilikuwa jiwe tupu, ukitaka mboga ya lengalenga inakubidi uulete udongo mwenyewe, beseni kwa beseni.

Akakaa juu ya jiwe. "Soma."

"Hapa?"

"Hapa ndio jikoni kwangu."

Nilikuwa na Biblia ya shangazi mkononi, nikafungua Isaya 64. Nikasoma ule mstari, sauti ikinitetemeka kwa hasira zaidi kuliko kwa imani. Nilipofika mwisho wake nikagundua kitu: baada ya milima kuna maneno mengine ambayo somo la misa huyaruka. Yanasema juu ya moto unaowasha vijiti na kuchemsha maji. Nikatazama ziwa kule chini, mahali lava ilipoingia na mvuke ukapanda juu kama wingu. Kumbe hata kanisani walikuwa wameruka.

"Mbona unanyamaza?"

"Kuko na ingine hapa, Koko. Ya moto."

"Soma na hiyo."

Nikaisoma. Aliyekuwa anaponda mawe kwenye kiwanja cha jirani alisimamisha nyundo kidogo, kisha akaendelea. Koko alikunja kitenge chake magotini, akanisogezea beseni kwa mguu.

"Haya," akasema. "Leta udongo."