Usiku Doto Alipogongwa

Usiku ule Mjomba alilala kwetu Morogoro, lori lake kaliacha nje barabarani. Ilikuwa kuamkia tarehe 27 Septemba 2022, nami nilikuwa macho na simu, bando likiwa la kuungaunga, nangoja chombo cha NASA kiitwacho DART kikajibamize kwenye asteroidi, jiwe kubwa la angani linalozunguka Jua.

"Asteroidi ipi?" Kumbe naye usingizi ulikuwa umemgomea.

Nikamwambia ziko mbili. Didymos ina upana wa mita 780 hivi. Dimorphos, ya mita 160, huizunguka kwa saa 11 na dakika 55, umbali wa kilomita moja na kidogo tu.

"Basi hao Kulwa na Doto."

Sikumbishia, hata hilo jina Didymos ni "pacha" kwa Kigiriki. Nikamwambia anayegongwa ni Doto, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anakuja huku kwetu. Ni majaribio tu, kuona kama kuligonga jiwe la angani kunabadilisha njia yake.

Kilichomkalisha kitako ni mwendo: kilomita 6 kwa sekunde. Akapiga hesabu ya njia yake, Dar mpaka Morogoro nusu dakika.

"Na breki?"

"Hakina, Mjomba."

Picha zilikuja moja kila sekunde. Kulwa akapita pembeni, akatoka kwenye kioo. Doto akabaki, yai la kijivu, halafu mawe matupu, mengine ya kutupia mkono, mengine kama nyumba. "Hilo si jiwe," akasema Mjomba, "ni kifusi kimemwagwa." Wanasayansi nao husema hivyohivyo.

Saa nane na dakika 14, picha ikaja kipande, kwingine kote kukawa kwekundu.

"Bando!" Nikaanza kuulaani mtandao, nabonyeza nikope salio, Mama anauliza chumbani nani kafa. Mara nikasikia shangwe simuni. Bando lilikuwepo. Kilichokwisha ni chombo chenyewe, katikati ya kutuma picha, tena sekunde 38 nyuma. Picha ilikuwa njiani, kilomita milioni 11.

Wiki mbili baadaye nikampigia. Doto kasogea karibu na Kulwa, sasa anazunguka kwa saa 11 na dakika 23.

"Wamejuaje?"

"Mmoja akimkinga mwenzake, mwanga unafifia. Wanahesabu zamu."

Akanyamaza. Nyuma yake honi zilikuwa zinalia.

"Yaani dakika 32? Mimi hapa kwenye foleni ya mzani nina saa mbili."