Siku yangu kwenye meza ya makadirio ya karatasi

Saa 2:00 asubuhi. Kazi yangu ni kukadiria karatasi kiwandani, pale vitabu vinapochapwa. Ombi la kwanza: kitabu cha A5, kurasa 200, kitakachosafirishwa kwa posta. Mteja anauliza nakala moja itakuwa na uzito gani. Swali zuri, maana posta hutoza kwa uzito.

Naanzia A0, yenye eneo la mita moja ya mraba. Kitabu hiki ni cha karatasi ya gramu 80, yaani ile ambayo mita yake moja ya mraba ina uzito wa gramu 80. A4 hutoka 16 ndani ya A0: 80 gawa kwa 16, gramu 5. Rimu ya karatasi 500 ni kilo 2.5. A5 ni nusu ya A4, gramu 2.5. Kurasa 200 ni karatasi 100 tu, kwa kuwa kila karatasi ina pande mbili (wengi husahau, uzito ukawa maradufu). Basi gramu 250. Jalada ni la karatasi ya gramu 250 kwa mita ya mraba; likikunjuliwa, ni kama A4 moja: gramu 16 hivi. Namwandikia 270, pamoja na mgongo na gundi.

Saa 4:30. Fundi wa mashine analeta karatasi mbili. "Kaka, hii si gramu 80, ni nene mno!" Nakata kila moja kipande cha sentimita 10 kwa 10, naweka kwenye mizani nyeti. Zote mbili: gramu 0.80. Zidisha kwa 100, unapata 80. Moja imebanwa sana kwenye rola ikawa laini na nyembamba, nyingine imebaki na hewa ndani. Gramu hupima uzito, si unene! Upana wa mgongo wa kitabu hutafutwa kwa maikromita, kifaa cha kupima unene, na hilo nalirudia kwa kila anayeingia humu.

Saa 7:00. Chakula.

Saa 8:00. Oda kwa vipimo vya Marekani: "pauni 80". Ya aina gani? Kule hupima karatasi 500 za saizi ya msingi, na saizi hiyo hubadilika: inchi 25 kwa 38 kwa karatasi za kitabu, 20 kwa 26 kwa jalada. Pauni 80 ya kitabu ni gramu 118. Ya jalada, 216. Siagizi kitu mpaka anijibu.

Saa 10:00. Mabango 4,000 ya A2, karatasi ya gramu 150. A2 ni robo ya A0, gramu 37.5 kila bango; jumla kilo 150. Nawaambia vijana wafunge mafungu ya 200: kilo 7.5, mtu mmoja anabeba bila kuumia.