Kandambili Mlangoni

Saa saba usiku. Sanduku la binti yangu liko wazi katikati ya sebule, na juu ya nguo ameweka kufuli jipya lililokuja na funguo mbili. Mmoja ameshaufunga kwenye kamba atakayovaa shingoni. Wa pili amenipa mimi. "Huu ukae kwako, Mama, nikipoteza wangu." Nimeuweka chini ya mto, na usingizi umegoma kabisa.

Keshokutwa anaripoti chuo. Ni mwanangu wa kwanza kwenda kulala mahali ambapo simjui anayelala chumba cha pili.

Wiki nzima nimekuwa nikisoma habari za Jeanne Clery. Nilianza kwa kutafuta maswali ambayo mzazi anapaswa kukiuliza chuo, nikakuta kila nilichofungua kinarudi kwenye jina hilo. Jeanne alikuwa na miaka 19, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Lehigh University, mjini Bethlehem, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Alfajiri ya Aprili 5, 1986, akiwa amelala chumbani kwake bwenini, alivamiwa na mwanafunzi mwenzake ambaye hawakufahamiana. Kijana yule aliingia kuiba. Jeanne akaamka. Alibakwa, akauawa.

Kilichonikaa rohoni kuliko yote ni jinsi alivyofika Lehigh. Kaka zake wawili walikuwa wamesoma Tulane, New Orleans, na yeye alikuwa njiani kuwafuata. Kisha wazazi wake, Howard na Connie, wakasikia kwamba mwanafunzi wa kike wa Tulane ameuawa nje ya chuo. Wakaogopa, kama ambavyo ningeogopa mimi. Wakamtafutia mahali palipo karibu na nyumbani, chuo cha majengo ya mawe na miti mingi, kilichokaa ubavuni mwa mlima. Wakakiangalia wakaona hapa mtoto atakuwa salama.

Yaani walifanya kila ambacho mzazi mwangalifu hufanya. Hakuna kilichowapita. Walipaogopa pale palipoleta habari mbaya, wakapaamini palipokuwa kimya.

Baada ya mazishi ndipo walipoanza kuambiwa. Walisema waligundua kwamba katika miaka mitatu kabla ya kifo cha binti yao, chuo kile kilikuwa kimeshuhudia matukio 38 ya uhalifu wa kutumia nguvu. Thelathini na manane, na mzazi aliyeleta mwanawe na kulipa ada hakuambiwa hata moja. Huwa nasimama hapa kila nikirudia kusoma. Nauona mkono wa Connie ukigeuza karatasi, namba ile ikimtazama. Msiba wa kufiwa na mtoto una uzito wake, unaubeba mpaka unakufa. Lakini kujua kwamba kuna watu waliokuwa na habari mezani, wakatabasamu nawe siku ya kupokea wageni, wakakushika mkono wakakutakia safari njema ya kurudi nyumbani, huo ni msiba mwingine juu ya ule wa kwanza.

Muuaji alihukumiwa kifo mwaka 1987. Mwaka 2002 aliacha kukata rufaa, na adhabu ikawa kifungo cha maisha bila nafasi ya kutoka. Ukihesabu tangu 1986, ni miaka kumi na sita ya wazazi wale kuitwa na kesi, kurudishwa kwenye usiku uleule. Nasikia watu wakisema "haki imetendeka" kana kwamba hukumu ni nanga, mashua ikishafungwa imefungwa. Familia ya Clery ilipata hukumu mapema kabisa, na bado swali lao lilikuwa halijaguswa, maana aliyefanya walimjua. Walichotaka kujua ni nani alikuwa na habari akanyamaza.

Wakakishtaki chuo, wakidai dola milioni 25. Shauri likaishia kwa maelewano, na fedha waliyopata wakaianzishia shirika la kupigania usalama vyuoni. Mwaka 1988 jimbo la Pennsylvania likapitisha sheria, na mwaka 1990 ikaja sheria ya Marekani nzima, ambayo tangu 1998 inabeba jina la Jeanne. Chuo chochote kinachopokea fedha za serikali za kusaidia wanafunzi kinatakiwa kutoa kila mwaka, ifikapo Oktoba 1, hesabu ya uhalifu wa miaka mitatu iliyotangulia. Kinatakiwa kuweka daftari la matukio ambalo mtu yeyote anaweza kuomba kuliona. Na kukiwa na hatari inayoendelea, kinatakiwa kuwaonya watu wake mapema.

Kwa maoni yangu hilo la mwisho ndilo moyo wa sheria yote. Ripoti ya mwaka ni karatasi, na wazazi wachache sana huisoma. Onyo linalofika kwa wakati linaweza kumfanya mtoto ageuze njia.

Na bado watu hunyamaza. Desemba 2006, tayari sheria ina umri wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wa kike wa Eastern Michigan University alikutwa amekufa chumbani kwake bwenini. Chuo kikasema hakuna dalili ya kifo cha kutiliwa shaka. Wazazi wake wakalia kilio cha mtoto aliyekufa kwa kudra ya Mungu. Wenzake wa bwenini wakaendelea kuishi kwenye korido ileile, wakipishana ngazini, wakiachiana milango. Ilipofika mwisho wa Februari 2007, mwanafunzi mwenzao akakamatwa kwa kumbaka na kumuua. Zaidi ya miezi miwili! Wazazi wale ilibidi wamfukue mtoto wao moyoni na kumzika upya, safari hii wakijua alivyokufa. Rais wa chuo aliondolewa kazini mwaka huohuo, na chuo kikatozwa faini ya dola 350,000. Najaribu kuwaza fedha hiyo inamfariji mama gani.

Kisha Virginia Tech, chuo kikuu cha jimbo la Virginia, Aprili 16, 2007. Watu wawili walipigwa risasi bwenini saa moja na robo asubuhi. Barua pepe ya kwanza ya kuwaarifu wanafunzi ilitumwa saa tatu na dakika 26, na dakika chache baadaye mwuaji yuleyule akawaua watu 30 katika jengo la madarasa. Familia mbili za waliouawa zilikataa malipo ya maelewano, zikaenda mahakamani kwa sababu zilitaka kusikia mtu akikiri kwamba onyo lilichelewa. Mwaka 2012 baraza la wazee wa mahakama, raia wanaoamua kesi, likawapa haki. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Virginia ikaitengua hukumu hiyo.

Sasa niandike lililonileta hapa usiku huu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Katika kesi ya Jeanne, kati ya mlango wa nje na chumba chake kulikuwa na milango mitatu iliyotakiwa kujifunga yenyewe. Ile milango ilikuwa imezuiliwa na maboksi ya pitsa. Wanafunzi waliyaweka ili marafiki zao waliochelewa wasihangaike kugonga. Hakukuwa na ubaya wowote ndani ya boksi lile. Ni kitu ambacho kijana humfanyia mwenzake kwa upendo tu.

Sisi tulitumia kandambili.

Bweni letu lilifungwa saa nne. Mlango wa nyuma, upande wa sehemu ya kufulia, ulikuwa na komeo lililojibana lenyewe ukiuachia. Anayejua kwamba mwenzake atachelewa aliikunja kandambili moja na kuichomeka chini, pembeni mwa fremu, mlango ukabaki umeegemea bila kubana. Ukiutazama kutoka mbali ungedhani umefungwa. Ile ya bluu, iliyolika kisigino, ilikuwa yangu.

Usiku ninaousema, rafiki yangu wa kitanda cha chini alikuwa amekwenda kujisomea na kundi lake. Alisema atarudi saa sita. Nikateremka, nikaweka kandambili, nikapanda kulala. Alirudi mapema kuliko alivyosema, akapita mlango wa mbele kwa sababu siku hiyo mlinzi alikuwa mpole. Hakuipita kandambili. Mimi nilikuwa nimeshalala.

Mtu akaingia. Hakwenda chumbani kwetu. Alikwenda vyumba viwili mbele, kwa msichana ambaye nilimjua kwa salamu tu, aliyependa kuanika kanga yake ya njano kwenye kitasa cha dirisha. Tulisikia ukelele mmoja tu, kisha miguu ikikimbia. Tulipofika alikuwa amekaa sakafuni, shingo ina alama za vidole, kanga ameishika kwa mikono yote miwili kama mtu anayekamua maji. Alikuwa hai. Nalishukuru hilo kila siku ya maisha yangu. Hakusema neno, na sisi hatukumwuliza.

Asubuhi matroni alituita sote kwenye ukumbi. Alizungumza kwa upole, na upole ule ndio unaoniumiza hadi leo. Akasema mwenzetu amepata mshtuko, amerudishwa kwao kupumzika. Akasema, "Wanangu, mambo ya nyumbani hayaanikwi uani. Msiyapeleke nje, mtajichafulia jina la chuo mnachosoma wenyewe." Akatutaka tusiwaandikie wazazi wetu kwa kuwa tutawatia presha bure. Tukaitikia. Wasichana zaidi ya mia moja, tukaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, Mama."

Kandambili yangu nilikwenda kuiokota kabla ya mkutano ule. Niliitia kwenye mfuko wa taka pamoja na mwenzake. Sikumwambia mtu. Mama yangu mzazi amefariki bila kujua kwamba mwanawe alilala miaka mitatu kwenye bweni ambalo mtu aliwahi kuingia akamkaba binti wa watu. Kitanda cha yule msichana kilipewa mtu mwingine muhula uliofuata, mgeni kabisa. Hakuna aliyemwambia kwa nini kilikuwa kitupu. Hata mimi sikumwambia, na alikuwa akiniazima pasi.

Ndiyo maana maboksi yale ya pitsa yamenitoa machozi kuliko hukumu na rufaa na mamilioni ya dola. Watu huhesabu familia ya aliyeuawa, na wengine, wenye moyo mpana, huikumbuka familia ya aliyeua, mama ambaye naye alimpeleka mwanawe chuo kwa matumaini na hakurudishiwa yule aliyempeleka. Mimi nawawaza wale vijana wa korido. Wakati ule walikuwa na miaka kumi na tisa, ishirini. Leo wangekaribia sitini, wana watoto, pengine wajukuu. Naamini kila aliyewahi kuegemeza boksi mlangoni aliamka Aprili 5 akajiuliza swali ninalojiuliza mimi. Hatia ni ya aliyeua, hilo halina mjadala, na ya waliojua kwamba milango haifungwi wakaacha hivyohivyo. Akili yangu inalijua hili vizuri. Mkono wangu ndio hausahau jinsi ile ndara ilivyokunjika.

Jioni ya leo, wakati binti yangu anapanga sanduku, alichukua ndara zake za kuogea akazigonganisha zitoke vumbi. Zile sauti mbili, pa, pa. Nikajikuta nimekaa chini. Akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia, "Njoo ukae, mama. Kuna kitu sijawahi kukuambia."

Nikamwambia yote. Sikuruka kitu, hata ule mfuko wa taka. Nilitegemea ataniuliza kwa nini nilinyamaza, au atanipoza kwa kusema haikuwa kosa langu. Alinyamaza muda mrefu, anauzungusha ufunguo kwenye kamba yake. Kisha akauliza, "Alikuwa anaitwa nani?"

Nikalitaja jina. Lilitoka kwa shida, sikuwa nimelitamka kwa sauti tangu mwaka ule.

"Na sasa yuko wapi?"

Baada ya yeye kwenda kulala nilimpigia yule wa kitanda cha chini. Ilikuwa saa nne na nusu, si saa ya kupigiana, akapokea kwa hofu akidhani kuna msiba. Nilipolitaja jina lile naye alitulia. Akaniambia walikutana mara moja, miaka mingi iliyopita, kwenye foleni. Wakasalimiana. Yule dada hakumaliza masomo, hakurudi chuo chochote. Ni mshonaji. Akaniambia, "Aliniuliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kumwulizia. Nikamdanganya. Nikasema ndiyo, wote."

Namba yake anayo. Amenitumia. Imekaa hapa kwenye simu, tarakimu kumi, na mimi nasubiri kukuche.

Binti yangu nimemwomba jambo moja tu la kwenda kuuliza siku ya kwanza, ofisini, mbele za watu, kwa adabu zake zote: mwaka jana lilitokea nini kwenye bweni hili, na mlango wa nyuma unafungwa na nani?