Metroid Prime Hunters: Uzuri na Udhaifu Ulio Katika Kalamu Moja

Kwa wiki tatu mfululizo, kila jioni baada ya chakula, nimekuwa nikiucheza upya mchezo wa Metroid Prime Hunters wa Nintendo DS, mashine ya mkononi ya kuchezea michezo, uliotoka mwaka 2006, nami nimeumaliza kwa mara ya pili maishani mwangu. Mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wa sekondari na niliona kila kitu chake ni kizuri. Safari hii nimeucheza kwa utulivu zaidi, na nimeridhika kwamba jambo linaloufanya uwe mchezo bora wa kupiga risasi kwenye mashine ya mkononi ndilo hilohilo linalouchosha mwili wa mchezaji, nalo ni kalamu ya kugusia skrini.

Ili kulielewa jambo hili, ni lazima kukumbuka hali ya mashine za mkononi za wakati ule. Mchezo wa kupiga risasi unaotazamwa kwa macho ya mhusika unahitaji mikono miwili yenye kazi mbili tofauti: mmoja wa kutembea na mwingine wa kugeuza macho na kulenga. PSP, mashine ya mkononi ya Sony, ilikuwa na kijiti kimoja tu, kwa hiyo kulenga kulilazimika kufanywa kwa vitufe, na shabaha ilisogea kwa kusitasita. DS haikuwa na kijiti hata kimoja, lakini ilikuwa na skrini ya mguso. Watengenezaji wa mchezo huu, Nintendo Software Technology wa Redmond, Marekani, waliamua kwamba kidole gumba cha kushoto kitembee kwa kitufe cha msalaba, kidole cha shahada cha mkono huohuo kifyatue kwa kitufe cha L, na mkono wa kulia ushike kalamu ya plastiki na kuiburuta juu ya skrini ya chini, macho ya mhusika yakiifuata. Anayetumia mkono wa kushoto anaweza kuugeuza mpangilio wote, jambo ambalo michezo mingi ya enzi hizo haikulijali.

Matokeo yake ni ulengaji mwepesi na sahihi ambao hata leo unanishangaza. Ninapoishika Imperialist, bunduki ya mdunguaji, na adui akakatiza kwenye kibaraza cha mbali, ninavuta kalamu chini ya sentimita moja na alama ya shabaha inatua kichwani pake bila kupitiliza. Katika mashine zenye vijiti viwili vidogo bado sijaipata hisia hiyo.

Gharama yake inalipwa na mkono wa kushoto. Nintendo DS Lite ina uzito wa gramu 218, ambao si mzigo ukiishika kwa mikono miwili, lakini hapa uzito wote unabebwa na mkono mmoja ambao vidole vyake viwili havitulii hata sekunde. Baada ya nusu saa hivi, maumivu huanza kwenye shina la kidole gumba na kupanda hadi kwenye kifundo cha mkono, na nimezoea kuweka mto mapajani ili niiegemeze mashine. Kuruka nako kunafanywa kwa kugusa skrini mara mbili haraka, kwa hiyo mchezaji anayeinua kalamu na kuirudisha upesi wakati wa mapambano hujikuta ameruka bila kukusudia. Huko Alinos, kwenye sayari ya moto, nimetumbukia mara nyingi kwa sababu hiyo tu. Karatasi laini niliyoibandika kuilinda skrini imelika katikati, imebaki doa linalong'aa lenye ukubwa wa sarafu, na kalamu ikipita hapo huteleza kuliko inavyoteleza pembeni.

Hadithi yenyewe ndiyo sehemu iliyo dhaifu zaidi. Samus Aran, mhusika mkuu, anatafuta Octolith nane, vitu vya kale vilivyofichwa katika eneo la angani la Alimbic, na kila Octolith inalindwa na adui mkubwa, lakini maadui hao ni wa aina mbili tu, Cretaphid na Slench, kila mmoja akirudi mara nne na mabadiliko madogo. Ukishamshinda, king'ora kinalia na unapewa muda mfupi wa kukimbia kurudi kwenye chombo chako cha angani. Mara ya kwanza moyo unadunda kwa kweli. Mara ya nane ni kazi ya kutimiza wajibu.

Kinachoiokoa sehemu hiyo ni wawindaji sita wanaoshindana na Samus, ambao wanaweza kukutokea katikati ya safari na, wakikushinda, kukunyang'anya Octolith uliyoihangaikia. Ubunifu wa mchezo umelala kwao. Spire hutembea juu ya lava bila kuungua, Weavel hujigawa vipande viwili na kuacha nusu ya mwili wake ikipiga risasi peke yake, na Trace akisimama tuli na Imperialist mkononi hutoweka machoni. Huyu Trace, kwa maoni yangu, amepewa nguvu kupita kiasi, kwani mchezaji mvumilivu anaweza kujibanza kona moja na kuharibu pambano zima.

Katika mapambano ya watu wanne ndipo mchezo huu unapofikia kimo chake. Mimi na binamu yangu tulikuwa tukikaa kwenye ngazi za nyumba ya bibi, kila mmoja na mashine yake, tukiunganishwa kwa mawimbi bila kuhitaji intaneti, na tulikuwa tukitambuana kwa namna tulivyojificha. Mapambano ya mtandaoni na wachezaji wa mbali yalifungwa pamoja na huduma ya Nintendo Wi-Fi Connection tarehe 20 Mei 2014, na pigo hilo ni kubwa kwa mchezo uliojengwa kwa ajili ya ushindani. Waliobaki ni wapinzani wanaoendeshwa na mashine yenyewe, hadi watatu kwa pambano, ambao hulenga vizuri lakini hawajui kuvizia.

Anayetaka kuujaribu leo namshauri atafute mashine mbili na mtu wa kukaa naye chumba kimoja, kwa sababu kadi moja ya mchezo inatosha kuanzisha pambano baina yao. Binamu yangu amesema atakuja mwisho wa mwezi, na tayari nimembadilishia karatasi ya skrini kwenye mashine yake.