Siti ya tatu, na makalio yanashukuru

Jamani, hii ni siti ya tatu tangu ninunue baiskeli ya mbio, na leo ndiyo mara ya kwanza nimeshuka baada ya kilomita 60 nikitembea kama binadamu wa kawaida.

Ya kwanza ilikuja na baiskeli, nikailaumu kwa ugumu wake. Nikakimbilia ya pili, laini kama mto wa kulalia. Kosa! Dakika 20 raha tupu, halafu unazama, sponji inavimba katikati, inabana pasipobanwa na ganzi inaanza. (Wanaume wenzangu mnanielewa.)

Kumbe shida ilikuwa upana. Nilikalia kipande cha boksi kwenye ngazi, nikainama kidogo, nikainuka: vishimo viwili vya mifupa ya makalio, milimita 118 kutoka katikati hadi katikati. Ile ya kwanza ilikuwa na 130, mifupa inakalia ukingoni kabisa. Hii mpya ina 145, ngumu vilevile, na mfereji katikati.

Juzi niliinamisha pua yake (ncha ya mbele ya siti) kidogo tu, nikawa nateleza mbele, viganja vikauma. Nimeirudisha usawa kwa pimamaji.

Ile laini ipo stoo. Anayeitaka aje, bure.