Nyamwamba, mto unaobeba mzigo wa Kilembe

Nafundisha kemia katika shule ya sekondari mkoani Kagera, na kila mwaka huwaandikia wanafunzi ubaoni jinsi pairaiti, madini ya chuma na salfa, inavyobadilika inapokutana na hewa na maji. Likizo ya Juni nilivuka mpaka wa Mutukula, nikapitia Mbarara hadi Kasese, magharibi mwa Uganda, kumtembelea rafiki wa siku nyingi. Baba yake mdogo, mzee aliyefanya kazi chini ya ardhi katika miaka ya mwisho ya mgodi wa shaba wa Kilembe, alikubali kunitembeza huko. Kiswahili chake ni kizuri, kwani alijifunzia mgodini, mahali ambapo watu wa makabila mengi walilazimika kuelewana.

Kilembe iko kilomita chache kutoka Kasese, ndani ya bonde jembamba la milima ya Rwenzori, na Mto Nyamwamba unapita katikati ya bonde hilo. Shaba ilichimbwa hapo kuanzia 1956 hadi 1982. Reli ilifikishwa Kasese mwaka huohuo wa 1956, na makinikia, yaani mchanga wenye madini uliosagwa na kuchujwa lakini haujayeyushwa, neno ambalo sisi Watanzania tulilizoea sana mwaka 2017, yalisafirishwa hadi Jinja kuyeyushwa. Kwa jumla yalitolewa mawe yapatayo tani milioni 16, yenye shaba karibu asilimia 2. Maana yake ni kwamba katika kila tani mia moja, tani tisini na nane hivi hazikuwa shaba, na sehemu kubwa ya hizo haikwenda popote. Ilimwagwa bondeni, kandokando ya mto, kwa sababu bonde ni jembamba na hapakuwa na mahali pengine palipo tambarare.

Vilima hivyo vipo hadi leo. Huku kwetu mawe taka huitwa magwangala na mchanga uliosagwa kinuni huitwa topesumu. Mzee aliniambia kwamba wao waliuita mchanga tu. Tulisimama mahali ambapo mto umekata kilima kimoja kama kisu kinavyokata mkate, na tabaka zake zikaonekana wazi: ya kijivu, ya rangi ya kutu, kisha ya kijivu tena. Juu yake palikuwa na ukoko mweupe wa chumvi ulioachwa na jua, na kwenye ufa mmoja, pale unyevu unapotokea, palikuwa na utando wa kijani unaokaribia samawati, ambao ni shaba iliyoyeyuka na kuganda upya. Nilipotaka kusogea nipapase, mzee alinishika mkono. "Mwalimu, hapo usikanyage. Juu pamekauka, chini ni tope, litameza mguu."

Kinachotokea ndani ya kilima hicho ni hiki. Pairaiti ni chuma kilichoungana na salfa. Ikiwa ndani ya mwamba, mbali na hewa, hukaa mamilioni ya miaka bila kumdhuru mtu. Ikisagwa na kuachwa nje, oksijeni na maji ya mvua huibadilisha kuwa tindikali ya salfa, na wapo bakteria wanaoishi kwa kazi hiyo, ambao huiharakisha mara nyingi zaidi. Tindikali hiyo huyeyusha madini mengine yaliyobaki, yaani shaba, kobalti, nikeli na zinki, na kuyaingiza majini. Mashine zikizimwa na wafanyakazi wakiondoka, mmenyuko huu hausimami, na unaweza kuendelea kwa mamia ya miaka maadamu pairaiti ipo na mvua inanyesha.

Watu wengi wakisikia mto umechafuliwa na mgodi hutarajia kuona kile kilichoonekana Marekani tarehe 5 Agosti 2015, pale maji yapatayo lita milioni 11 yalipobubujika kutoka mgodi wa Gold King, uliokuwa umeachwa tangu 1923, na kuugeuza Mto Animas kuwa na rangi ya chungwa mbele ya kamera za dunia nzima. Nyamwamba haina sura hiyo. Maji yake yanashuka kutoka milima mirefu, ni mengi, ni ya baridi, na mgeni akiyatazama atayaona safi kabisa. Madhara yake yanakuja kidogokidogo, na tangu 1982 hayajawahi kuwa habari ya siku moja. Watafiti waliopima udongo, maji na mazao ya bonde hilo wamekuta shaba na kobalti kwa viwango visivyo vya kawaida. Nami nilipita katika bustani za magimbi zilizolimwa hadi kwenye kitako cha kilima cha topesumu, kwa kuwa ardhi ya kulima ni haba.

Kisha kuna mafuriko. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ilifurika na kuteremsha mawe makubwa kama nyumba, na Mei 2020 ikafurika tena na kuiharibu vibaya Hospitali ya Kilembe. Kila furiko linakwangua vilima vya taka na kuupeleka mchanga wake Kasese, kisha kwenye mabwawa ya mafunjo na Ziwa George, ambalo ni sehemu ya ardhioevu iliyotambuliwa kimataifa tangu 1988. Metali za mgodini zimekutwa katika tope la ziwa hilo. Kutoka hapo maji huenda kwa Mkondo wa Kazinga hadi Ziwa Edward, ambalo wavuvi wa Kongo nao wanalitegemea.

Pale Kasese kwenyewe, mgodi uliacha rundo kubwa la pairaiti yenye kobalti. Kwa miaka mingi mvua ililiosha, na maji yake makali yaliingia katika Hifadhi ya Queen Elizabeth na kuua mimea yote kwenye njia yake. Mwaka 1999 kiwanda kilianza kutoa kobalti katika rundo hilo kwa kutumia bakteria wa aina ileile niliyoitaja, safari hii ndani ya matangi. Jambo hili lilinigusa sana, kwa sababu linaonyesha kwamba taka hizi zinaweza kushughulikiwa pale mtu anapoona faida ndani yake.

Kila mara yanapozuka mazungumzo ya kuufufua mgodi wa Kilembe, hesabu huanza na shaba iliyobaki mwambani. Naamini kwa dhati kwamba inapaswa kuanza na vilima vya kandokando ya mto: kingo zijengwe, topesumu lifunikwe au lihamishwe, na maji yanayotoka mahandakini yatibiwe kwa chokaa kabla hayajafika mtoni. Kwetu Tanzania, Sheria ya Madini ya 2010 imeweka utaratibu wa dhamana ya ukarabati, ili mchimbaji aweke fedha za kusafisha kabla hajaondoka. Bonde la Kilembe halikuwahi kuwekewa fedha hizo, na wanaolipa ni watu wanaolima magimbi.

Tulipokuwa tunarudi tulipishana na wasichana watatu wenye madumu ya manjano, wakipanda kuelekea juu ya mgodi, mahali ambapo maji hayajapita kwenye taka. Nilimwuliza mzee ni mbali kiasi gani. Akasema ni dakika arobaini kwenda, na dumu likijaa ni zaidi ya hapo.