Joto na moshi kwa pamoja: nilivyopambana na suala la dirisha

Naishi na mama yangu mzee na mwanangu wa miaka 8 ambaye ana pumu, natanguliza hilo ili ujue kwa nini msimu ule wa joto nilikuwa silali. Joto peke yake tunalijua, usiku unafungua madirisha upepo unaingia na asubuhi nyumba imepoa. Ila mwaka ule misitu iliwaka moto mbali huko, moshi ukasafirishwa na upepo mamia ya kilomita ukatufikia siku zilezile joto limepanda mpaka 38, 39. Hapo ndo nikakwama. Ukifungua dirisha moshi unaingia, mtoto anaanza kubanwa, ukifunga mnaokwa humo ndani kama mkate.

Siku ya kwanza nilifunga kila kitu, nikaziba hadi chini ya mlango kwa taulo, akili yote ilikuwa kwenye kifua cha mtoto. Mama nilimsahau kabisa. Kama saa 9 alasiri akaniambia kichwa kinamuuma na anahisi kutapika, nikamwambia apumzike tu, nikadhani ni uchovu. Baadae naenda kumwangalia jasho linamtoka hadi nguo zimelowa, ngozi ukiigusa ni ya baridi yenye unyevu, na misuli ya miguu inamkaza. Nikapiga simu ya huduma ya afya, nesi swali lake la kwanza halikuwa kuhusu jasho, aliniuliza "anaongea vizuri? anajua yuko wapi?" Nikamuuliza mama akajibu sawasawa. Nesi akasema basi hapo mwili umezidiwa na joto lakini bado haujashindwa, mlaze miguu iwe juu kidogo, mlegeze nguo, mloweshe maji mwili kisha mpepee, mpe maji kidogokidogo, na nusu saa ikipita bila nafuu au akianza kuchanganyikiwa piga simu ya dharura usisubiri. Ndani ya dakika 20 akaanza kukaa vizuri. Mimi mikono ilikuwa inatetemeka bado.

Kesho yake nikaongea na daktari wa mtoto nikamweleza kuhusu dirisha, akaniambia neno ambalo ndo lilibadilisha kila kitu: vyote viwili ni hatari, lakini kwa mtu mzee joto linaweza kuua ndani ya saa chache, kwahiyo nyumba ikizidi kuwa ya moto usimfungie humo kwa kuogopa moshi, mtoe mpeleke penye ubaridi na hewa safi, na kama hamna pa kwenda fungua. Yani swali sio nifungue au nifunge, swali ni sasa hivi kipi kinatisha zaidi. Na hilo huwezi kulijibu kwa kunusa wala kwa kuangalia rangi ya anga, unahitaji namba.

Namba zangu zilikuwa mbili tu. Ya kwanza thamometa ya chumbani, manake joto la nje linalotangazwa sio joto la chumba alicholala mama. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba kisizidi 32 mchana na 24 usiku, ile ya usiku sikuifikia hata siku moja lakini ya mchana nikaifanya ndo mstari wangu. Ya pili ni AQI, ile namba ya ubora wa hewa unayoipata kwenye simu. Kwa skeli wanayotumia Marekani, ambayo programu nyingi za simu zinaifuata, chini ya 50 hewa ni safi, kuanzia 101 watu kama mwanangu na mama ndo wanaanza kuathirika, ikivuka 150 ni mbaya kwa kila mtu, ikivuka 300 ni hatari kabisa. Nikawa naandika zote mbili kwenye daftari kila saa. Siku ya tatu nikaona kwetu moshi unapungua alfajiri kwa masaa mawili hivi upepo ukigeuka, basi hapo ndo tunafungua madirisha ya pande mbili hewa ipite, halafu jua likichomoza tunafunga tunashusha pazia. Tafadhali usichukue masaa yangu ukayatumia kwako, kuna sehemu moshi ndo unatulia chini usiku kucha mpaka asubuhi, andika ya kwako.

Pazia nalo nilikuwa nalitumia vibaya miaka yote. Ukiziba jua kwa ndani joto limeshapita kwenye kioo limeingia, ukiziba kwa nje linaishia huko. Nikatundika shuka nene nje ya madirisha yanayopigwa na jua la mchana na chumba kikapungua karibu digrii tatu kwenye thamometa yangu. Shuka tu!

Kuhusu feni, inasaidia kama mwili una unyevu wa kukausha, kwahiyo mama nilikuwa namlowesha shingo na mikono ndo nawasha. Lakini hewa ya chumbani ikifika 40 feni inageuka inakupulizia moto tu, inakuongezea joto badala ya kukupunguzia, hapo zima mtoke mwende kwenye ubaridi. Sisi tulikuwa tunaenda maktaba, pana kiyoyozi na hewa imechujwa, tunakaa masaa matatu manne jua likiwa kali. Njiani kwenye gari unafunga vioo unawasha kiyoyozi kwenye kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani isivute ya nje.

Moshi wa ndani niliupunguza kwa kile kisanduku cha feni na filta, wazo la Wamarekani wawili wanaojua mambo ya hewa na filta, Richard Corsi na Jim Rosenthal, la mwaka 2020 wakati wa korona: filta nne za MERV 13 (MERV ni kipimo cha jinsi filta inavyonasa chembechembe ndogo) unaziunga ziwe kuta za sanduku, chini kadibodi, juu feni ya mraba inayovuta hewa kupitia filta na kuitoa juu ikiwa safi, viungo vyote unaziba kwa gundi ya utepe. Tumia feni mpya sio kuukuu yenye mota inayochemka, na sisi tulikuwa hatuiachi ikizunguka kama hamna mtu nyumbani. Tukachagua chumba kimoja tu cha kusafisha hewa, wote tukalala humo. Na humo hamna mshumaa, hamna ubani, hamna kukaanga jirani yake, hamna kufagia kukavu, unapangusa na kitambaa kibichi, manake hayo yote yanarusha chembechembe zilezile unazozikimbia nje.

Zile chembechembe zinaitwa PM2.5 kwa sababu upana wake ni maikromita 2.5 au chini ya hapo, unywele wa mtu ni mnene kama mara 30 zaidi, ndo maana zinafika ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Barakoa ya kitambaa hazioni hata. Mimi nikitoka nilivaa N95 iliyoshika uso pande zote, ila hata hiyo haizuii ozoni, ambayo ni gesi inayotengenezwa na jua kali likipiga moshi wa magari na viwanda, na huwa inazidi mchana kuelekea jioni. Kwahiyo mtoto kucheza nje mchana nilikataa hata siku ambazo moshi hauonekani. Alilia sana na nilimwonea huruma, lakini dawa yake ya kila siku tuliifuata bila kuruka na inhela ya dharura ilikuwa inatembea na sisi, haiachwi garini kwenye joto, na hakulazwa hata mara moja.

Mama kazi ilikuwa kumnywesha maji, wazee kiu haiwajii mapema kama sisi. Kumbe na vile vidonge vyake vya presha ni vya kukojolesha, vinatoa maji mwilini, nikamuuliza daktari wake akapanga upya kiasi. Usiache dawa wala usimwongezee mzee maji mengi bila kuuliza, wenye moyo dhaifu maji mengi nayo ni shida.

Sasa kuna jirani yetu, mzee anaishi peke yake. Nilikuwa nimesoma kuhusu joto la Chicago la Julai 1995, watu zaidi ya 700 walikufa ndani ya siku chache na wengi walikuwa wazee waliojifungia ndani peke yao, likanikaa moyoni, nikawa nampigia asubuhi na jioni. Siku ya tisa hakupokea. Nikagonga, akafungua baada ya muda mrefu, madirisha yote yamefungwa, feni inazunguka, ngozi yake ya moto na imekauka, nikamuuliza mzee leo siku gani akanitaja jina la mtu. Lile swali la nesi likanirudia hapohapo. Nikapiga simu ya dharura, nikamvua shati nikammwagia maji, vitambaa vibichi shingoni, kwapani na kwenye kinena, nikampepea kwa kadibodi mpaka gari la wagonjwa likafika, maji ya kunywa sikumpa kwa sababu mtu aliyechanganyikiwa anaweza kupaliwa. Joto la mwili lilikuwa limevuka 40.

Alirudi nyumbani baada ya siku tano. Tumemtundikia shuka nje ya dirisha lake la mchana, ana thamometa ukutani yenye alama nyekundu kwenye 32, na ufunguo wake wa akiba ninao mimi.